Usije Kumpigia Baba Kura

Lunwei, 6 Mei 2002

Kaka Chun-hung,

Nataka Baba ashindwe.

Nimeanza na hilo kabla mkono haujaogopa. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Hata Mama sikumwambia tulipokwenda kufagia kaburi lake mwezi uliopita, maana Baba alikuwa nyuma yangu ameshika vijiti vya udi, na nilihisi angesikia hata nikisema moyoni. Nataka Baba ashindwe uenyekiti wa kijiji. Nataka Mama Hsiao wa duka la mbolea ashinde, ule ubao wa ofisi wenye maandishi mekundu ung'olewe mlangoni petu, na watu wakagonge kwa mtu mwingine.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu iko sebuleni, na unajua sebule yetu ndiyo ofisi. Mzee Lin anaingia asubuhi kunywa chai na hatoki mpaka mkewe amfuate. Ningesemaje mbele yake? Ndiyo maana nakuandikia huko jeshini kisiwani. Nadhani maafande wako hawana hamu ya kusoma barua za msichana wa Yunlin.

Tangu Mama afariki kazi zake zote zimekuwa zangu. Baba ndiye mwenyekiti, lakini Baba hajawahi kujaza fomu hata moja. Yeye huenda mazishini, huenda harusini, huamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, na watu wanampenda kwa hayo. Anayekaa mezani ni mimi. Wanaotaka barua ya kuthibitisha umaskini wanakuja kwangu. Taa ya njiani ikizimika wanakuja kwangu. Jana alfajiri mke wa Tsai alikuja analia kwamba nyoka ameingia jikoni kwake.

"Baba yuko msibani," nikamwambia.

"Sasa wewe si binti wa mwenyekiti? Njoo basi!"

Nikaenda na ufagio. Tukasimama mlangoni wote wawili, hakuna aliyethubutu kuingia. Nyoka alitoka mwenyewe, nadhani alituonea huruma.

Kaka, chuo cha Pingtung wamenikubali. Nimeomba kusomea misitu. Usicheke. Nilichagua misitu kwa sababu nilifikiri nitakaa siku nzima mahali ambapo hakuna anayenisemesha. Nilipomwambia Baba, aliweka kikombe chini.

"Misitu? Miti unataka kuifundisha nini?"

"Nataka kujifunza, Baba."

"Tukishinda utakaa hapa. Ni muhula mmoja tu, miaka minne. Miti haikimbii."

"Na tukishindwa?"

Alinitazama kama nimetema mate mezani. "Tukishindwa nenda kokote. Ofisi haitakuwepo, nitakuhitajia nini?"

Umeona? Amesema mwenyewe.

Na la kunitesa zaidi, sauti ya kampeni ni yangu. Sauti ya Baba imekauka, na kumwajiri mtu hataki. Nilirekodi bafuni, mlango nimefunga, kwa sababu Baba alikuwa akikohoa kila nikianza. Sasa kila siku gari la matangazo linapita na mimi ndani ya zile honi nne za vipaza sauti nikisema, "Namba mbili, Ko Tien-lai, mtumishi wenu, naomba kura yenu." Mimi ambaye darasani walimu walikuwa wakisahau kama nipo.

Sheria inataka miaka ishirini, kwa hiyo mimi sina kura. Wewe unayo, na huwezi kuipiga mahali pengine isipokuwa hapa ulikoandikishwa. Watu wanasema safari hii tofauti itakuwa ndogo sana. Sikuombi umpigie Mama Hsiao. Nakuomba tu usije. Ruhusa yako itumie bandarini Keelung, ule vizuri, ulale. Usije kumpigia Baba kura.

Mdogo wako,
Wen-hsiu

*

Tungyin, 15 Mei

Mheshimiwa Sauti ya Kijiji,

Barua yako ilikwama Keelung kwa sababu ya ukungu. Huku mwezi huu ukungu ndio kamanda wetu mkuu. Meli haiji, mboga haziji, tunakula samaki wa kopo mpaka tunaanza kufanana nao. Niliposoma mstari wako wa kwanza nilikuwa kwenye foleni ya chakula. Yeh, jamaa anayelala kitanda cha chini yangu, akaniuliza, "Vipi, umeachwa?" Nikamwambia ndiyo, ili aniache nisome.

Habari ya nyoka nimewasomea kikosi kizima. Wanasema ungewafaa huku, maana sisi pia kazi yetu ni kusimama mlangoni na ufagio tukisubiri adui atoke mwenyewe.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Unaniambia nisije, kama kwamba kutokuja ni jambo la siri. Kura ni siri, ila kwenda na kutokwenda hakufichiki. Unafika, unatoa kitambulisho, unagonga muhuri wako mbele ya jina lako kwenye daftari. Mbele ya jina langu pakibaki peupe, atakayepaona ni Mwalimu Chiu, msimamizi wa daftari, na mkewe ana mdomo kuliko honi zako zote nne. Kabla ya saa sita mchana kijiji kizima kitajua kwamba mtoto wa kiume wa Ko Tien-lai hakuja. Unataka Baba apite barabarani na aibu hiyo?

Baba ni Baba. Umemwona alivyokuwa baada ya Mama kuondoka. Kama si watu kuja kugonga mlango, sijui angeamka vipi. Ukiung'oa ule ubao, atakaa na nani kwenye ile sebule?

Chuo waandikie, waulize kama wanaweza kukushikia nafasi. Kuna vitu ukivikosa sasa huvipati tena, lakini sidhani kama chuo ni kimojawapo.

Nimeshaomba ruhusa. Nitakuja. Usikasirike, nitakuletea samaki mkavu, wa kopo sikuletei.

Kaka yako anayekula kopo,
Chun-hung

*

Lunwei, 24 Mei

Kaka,

Sijakasirika. Au nimekasirika kidogo. Lakini kuna jambo limetokea na nataka kukuuliza kitu, naomba unijibu bila utani.

Kwanza nikwambie lililotokea Jumanne. Nilikuwa kwenye gari la matangazo na Mjomba Huo-mu, yeye anaendesha, mimi nabadilisha kaseti. Tukakutana na gari la Mama Hsiao kwenye ile njia nyembamba kati ya mashamba ya karanga, pua kwa pua. Unajua desturi, magari ya wagombea yakikutana lazima yatakiane heri. Mama Hsiao mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, kofia ya jua kichwani, akashika kipaza sauti: "Namba mbili, jirani zetu, tunawatakia ushindi mkubwa!" Kijiji chote kilisikia.

"Jibu!" Mjomba akaniambia. "Zima kaseti, jibu!"

Sikuwahi kusema moja kwa moja kwenye kile kitu. Nikakishika kwa mikono miwili. "Namba moja," nikasema, "tunakutakia ushindi. Tunakutakia sana. Kwa dhati."

Mjomba alicheka mpaka gari likazimika. "Wewe mtoto! Umesema kama unamaanisha! Hiyo ni adabu tu, hupaswi kuitoa moyoni."

Mama Hsiao naye alicheka. Magari yalipopishana alinirushia chupa ya chai ya tikiti baridi, nikaidaka. Nikainywa yote. Nilijiona msaliti, na ilikuwa tamu.

Siku mbili baadaye Mzee Lin alikuja na habari mbaya. Alikaa pale kwenye kiti chake, akaanza kutaja koo kwa vidole: ukoo wa Hsiao wote kwa Mama Hsiao, hilo linajulikana, lakini na wale wa nyumba mpya karibu na kiwanda cha mifuko, na nusu ya kina Tsai. "Tien-lai," akasema, "safari hii unazama."

"Nimewazika baba zao mimi!" Baba akasema. "Nani alibeba jeneza la mzee Tsai kwenye mvua?"

"Wanakumbuka. Wanasema ulibeba vizuri. Lakini wanataka mtu mpya."

Kaka, moyo wangu uliruka. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili wasinisikie nikipumua. Nilishaona basi la Pingtung.

Mzee Lin alipoondoka, Baba alikaa kumenya karanga. Hakuzila, alizipanga tu mezani. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Nikishindwa, Chun-hung atarudi. Nimeshamwambia. Shamba la vitunguu saumu mtu mmoja hawezi. Nikishinda, posho ya uenyekiti inatosha kuweka vibarua, na yeye aende anakotaka."

"Kaka anajua?"

"Nilimwambia alipokuja mwaka mpya. Alikubali. Mtoto mzuri yule."

Kwa hiyo tangu mwaka mpya ulikuwa unajua. Nilipokuandikia kwamba nataka Baba ashindwe, ulikuwa unajua kwamba akishindwa wewe ndiye utakayerudi kuinama kwenye vitunguu. Na ukanijibu habari za mke wa Mwalimu Chiu.

Uliandika kwamba kuna vitu ukivikosa sasa huvipati tena. Nilifikiri unanishauri. Kumbe ulikuwa unasema vyako. Ni vitu gani, Kaka? Unataka kwenda wapi?

Wen-hsiu

*

Tungyin, 1 Juni

Wen-hsiu,

Umesema nisitanie, basi sitatania.

Ni kweli nilikuwa najua. Nilipoisoma barua yako ya kwanza, kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa kwamba unateseka. Nilifikiri, huyu ataniharibia. Naona aibu kuandika hivyo.

Keelung, nyuma ya bandari, kuna karakana ya injini za meli. Mwenyewe anaitwa Kao, mzee mkali, mikono yake haitakati hata akiiosha kwa sabuni ya unga. Kila nikishuka melini nikiwa na ruhusa huwa nakaa kwake, namshikia taa. Mwanzo alinifukuza. Sasa ananiachia nifungue pampu peke yangu na kuifunga. Mwanawe amekwenda Kanada, hatarudi. Mwezi wa pili aliniambia, "Ukimaliza jeshi mwezi wa tisa njoo. Usipokuja mwezi wa tisa nitachukua mwingine, mimi ni mzee, sina muda wa kusubiri watu." Na hatasubiri kweli. Si mtu wa maneno.

Mimi na vitunguu unatujua. Kila msimu mgongo unauma, bei inaanguka, halafu tunaanza tena. Nilipokuwa mdogo nilikuwa najificha kwenye chumba cha pampu ya maji, nyote mlidhani nakwepa kazi. Nilikuwa nasikiliza mashine.

Huku kisiwani kuna hekalu la Mazu, mungu wa kike wa mabaharia, juu ya gati. Tangu mwaka mpya kila nikipita nilikuwa naingia, naomba Baba ashinde. Nilikuwa najua nikimwomba hivyo namwomba akufungie wewe mle sebuleni. Nilijiambia wewe ni mpole, huna makuu, utazoea. Watu wote husema hivyo juu yako, na mimi nilisema pia, kwa sababu ilinifaa.

Basi hivi ndivyo tulivyo. Baba akishinda unabaki wewe, akishindwa narudi mimi. Hakukusudia ubaya. Amegawa watoto wake kama mtu anayegawa majembe, huyu huku, huyu kule.

Ruhusa yangu imekubaliwa. Meli itaondoka Ijumaa ikiwa ukungu hautashuka. Nitapanda. Nikifika nyuma ya lile pazia na muhuri mkononi, sijui nitagonga kwa nani. Siku nyingine nakuwa na hakika ni Baba, siku nyingine ni Mama Hsiao. Usiniulize tena. Na hata nikishapiga, usiniulize.

Chun-hung

*

Tungyin, 7 Juni

Wen-hsiu,

Meli imeondoka. Mimi sikupanda.

Nafasi yangu nimempa Yeh. Yeye ni mtu wa Taitung, mkewe anakaribia kujifungua, alikuwa ananyimwa ruhusa. Alinikumbatia mbele ya watu mpaka nikaona haya. Nimempigia Baba simu nikamwambia ni ukungu. Hakuna ukungu. Leo jua linawaka, bahari imelala kama kioo, naiona meli mpaka kule mbali.

Nilikaa gatini na mkoba wangu begani nikajiuliza, nikifika nitafanya nini kweli? Na nikajijua. Nikifika Baba atanipokea pale barabarani, atanitangaza kwa kila mtu, "mwanangu amevuka bahari kuja kunipigia kura," nami nitaingia nyuma ya pazia nigonge muhuri kwa Baba, kwa ajili ya Baba na kwa ajili ya ile karakana. Nisingeweza vinginevyo. Kwa hiyo njia pekee ya kutokukufungia wewe mle sebuleni ilikuwa nisipande.

Mwalimu Chiu aone penye weupe. Mkewe aseme.

Wewe nenda kwenye miti yako. Mimi vitunguu nimevizoea, ninajua hata wapi pa kuinama ili mgongo usiume sana. Mzee Kao atapata mtu mwingine. Watu wa kushika taa hawakosekani.

Kaka yako,
Chun-hung

*

Lunwei, 13 Juni

Kaka,

Barua yako ya tarehe saba imenifikia leo. Nimeisoma nimesimama nje, karibu na sanduku la posta, kisha nikairudia nyuma ya ghala, na sasa sijui nianzie wapi. Najua umeshasikia kwamba Baba ameshinda. Alikupigia mwenyewe. Aliniambia ulisema "hongera" ukanyamaza, naye akadhani ni simu imekatika. Lakini hakukwambia alivyoshinda, maana anavyojua yeye sivyo.

Ulipopiga simu Ijumaa asubuhi sebule ilikuwa imejaa. Wote walikuwa wamevaa vizibao vyenye namba mbili, wanakula tambi kabla ya kutoka kwa ule mzunguko wa mwisho. Baba akashika simu. Akasema, "Ukungu?" Akasema, "Basi, baki salama." Akaiweka polepole. Mzee Lin akamwambia kura moja si kitu. Baba akasema, "Ni mwanangu," akavaa utepe wake mwekundu begani akatoka. Mimi niliamini ni ukungu, Kaka. Nilitazama mbingu ya huku, nyeupe kwa jua, nikafikiri bahari yenu ina mambo yake.

Siku ya mwisho mgombea hapandi gari. Anatembea mbele kwa miguu, anainama mlango kwa mlango, na gari linamfuata taratibu. Tulikuwa tumefika karibu na kisima cha zamani kaseti ilipoliwa na redio. Mjomba Huo-mu aliivuta, ikatoka utepe tupu kama tambi.

"Shika," akaniambia, akanipa kipaza sauti. "Maneno unayajua. Omba uokozi. Siku ya mwisho wagombea wote huomba uokozi, sema namba mbili yuko hatarini."

Nikashika. Nikamtazama Baba. Alikuwa anainamia nyumba ya kina Tsai, mlango umefungwa, hakuna aliyetoka, na yeye anainama vilevile mpaka paji linakaribia goti. Ndala yake moja ilikuwa imelegea, akainama mara ya pili kuirudisha, akainamia mlango tena.

Wakati ule nilikuwa najua kila kitu, barua yako ya mwanzoni mwa mwezi huu nilikuwa nayo mfukoni. Nikafikiri: wewe huji, Baba anazama, mimi nitapanda basi la Pingtung, na wewe utarudi hapa uiname kama anavyoinama yeye sasa. Nikafikiri tena: akinusurika, ni mimi. Nikazunguka hapo kichwani, huku na huku, hakuna mlango. Nikafungua kinywa.

"Ndugu zetu wa Lunwei, namba mbili, Ko Tien-lai..."

Sauti ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika tena, na badala ya maneno kikatoka kilio. Sikuwahi kulia hivyo hata Mama alipofariki. Nilitaka kuzima swichi, kidole hakikutii. Nikasikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye kuta za hekalu ikisema, "Nisaidieni. Jamani, nisaidieni. Sijui nifanye nini. Nisaidieni."

Kaka, sikusema "msaidieni Baba." Nilisema nisaidieni. Nilikuwa najiombea mimi.

Milango ikaanza kufunguka. Mke wa Tsai alitoka na kijiko mkononi, akaanza kulia na yeye. "Jamani mtoto hana mama! Tazameni anavyomlilia baba yake!" Wakatoka wengine, hata wale wa nyumba mpya ambao hawatujui. Mama mmoja alipanda kwenye gari akanifuta uso kwa taulo la jasho. "Nyamaza, binti, nyamaza, tutampa, tutampa baba yako." Nilitikisa kichwa, nikimaanisha hapana. Akadhani ni uchungu.

Baba aligeuka. Chaguzi zote zilizopita alipiga magoti siku ya mwisho, pale uwanja wa hekalu, mbele ya watu, na unakumbuka Mama alivyokuwa akimwekea kitambaa mapema asichafue suruali. Safari hii hakufika hekaluni. Alipiga magoti palepale kwenye lami ya moto, na hakuwaelekea watu. Alinielekea mimi. Mjomba ndiye aliyezima swichi.

Jumamosi jioni walihesabu kwenye darasa la shule ya msingi. Nilisimama dirishani na wengine. Yule bwana anainua karatasi juu, anaita, mwenzake anachora mstari ukutani. "Namba mbili! Namba mbili! Namba moja! Namba mbili!" Watu waliokuwa karibu nami walikuwa wakinishika bega kila namba ya Baba ikiitwa. Tofauti haikuwa ndogo hata kidogo. Kura yako isingebadilisha kitu, huku wala kule. Nakwambia ili usije ukajilaumu wala kujisifu.

Mama Hsiao alikuja kumpa Baba mkono kabla fataki hazijakwisha kulia. Kisha akanivuta pembeni. "Baba yako hakunishinda," akasema, "umenishinda wewe. Hata mume wangu, yule mzee mpumbavu, amerudi nyumbani macho mekundu, nadhani alikupigia." Alikuwa anacheka. "Ule ushindi ulionitakia kule kwenye karanga, kumbe uongo!"

Nilitaka kumwambia haukuwa uongo. Ni mtu pekee wa hapa ambaye nilikaribia kumwambia.

Sasa linalonifanya nikuandikie kurasa zote hizi. Jumapili tulizunguka kushukuru wapiga kura. Tuliporudi Baba alipasua tikiti maji. Unajua kile kipande cha katikati kisicho na mbegu, ambacho siku zote alimkatia Mama. Alikiweka kwenye sahani yangu. Akakaa mbele yangu, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja ofisini kuomba barua.

"Nilidhani unanichukia," akasema. "Kwa ajili ya ile miti. Nilisema moyoni, huyu mtoto anahesabu siku aondoke. Sikujua."

"Baba," nikasema.

"Sikujua, Wen-hsiu. Mtu anaweza kukaa nyumba moja na mwanawe asijue."

Nilikuwa nimeshaiandaa sentensi. Niliisema barabara nzima kimoyomoyo, wakati watu wanatupungia: Baba, umeshinda, na mimi nataka kwenda Pingtung. Ilikuwa fupi. Nikamtazama, na alikuwa analia, Kaka, bila kujificha, maji ya tikiti yanamtiririka kwenye kiwiko. Nikala tikiti.

Sasa akija mtu yeyote, mkaguzi wa maji, bwana wa benki ya wakulima, hata mleta posta, anamwambia. "Huyu ndiye aliyenililia. Watu hununua magari makubwa na wapiga ngoma, mimi nilikuwa na binti." Wanawake sokoni hawanitozi kitunguu jani. Kina mama wananitolea mfano kwa watoto wao. Leo amenunua mto mpya wa kuweka kwenye kiti cha mezani, wa rangi ya kijani, akasema ni kwa sababu mimi napenda misitu.

Zamani alikuwa amenifunga kwa amri, na mtu anaweza kubishana na amri. Sasa nitabishana na nini? Nikisema nataka kwenda, atauliza, na akiuliza itabidi nimwambie nilikuwa namlilia nani pale kisimani. Siwezi kumnyang'anya. Sidhani kama amewahi kupewa kitu kikubwa hivyo. Mwezi wa nane kule Pingtung wataita majina, wataita langu, kisha wataita linalofuata.

Wewe nenda kwa Mzee Kao. Usinibishie. Mwezi wa tisa uwe mlangoni kwake. Ulibaki gatini kwa ajili yangu, na sasa njia imekufungukia bila wewe kuigusa, basi pita. Mmoja wetu akitoka itakuwa kama dirisha. Niandikie habari za pampu. Niandikie zinavyolia.

Na hili nililokuandikia libaki kwako. Hata Mjomba hajui, hata mkeo usimwambie siku ukioa. Ukija nyumbani Baba atakusimulia, mlangoni, kabla hujavua viatu, na atasimulia tena mezani. Usinitazame akifika pale pa kulia. Mtazame yeye, uitikie kwa kichwa, utabasamu kidogo, kama mtu anayesikia habari njema kwa mara ya kwanza. Naomba uweze. Mimi naweza, nafanya hivyo kila siku.

Mdogo wako,
Wen-hsiu